Kizibo cha Ndara ya Tairi

Ninaikumbuka vizuri ile Alhamisi, Mwanangu, wala si ajabu, maana ni ya wiki iliyopita. Wazee wa hapa kota za polisi wakitaka kutuusia huanza na mambo ya zamani sana, ya ujana wao, na wakifika mwisho unakuta wanatabasamu. Hasira imeshawatoka, na mtu aliyewaonea amegeuka kichekesho. Mimi sitaki hivyo. Nataka nikuusie ningali na hasira. Najua bado hujazaliwa, na baba yako simjui wala simtafuti. Nina miaka kumi na sita na niko kidato cha tatu. Lakini siku utakayoweza kusoma daftari hili mimi nitakuwa mama mtu mzima, huenda na tabasamu kama lao, na nitakupunguzia maneno. Kwa hiyo msikilize huyu wa leo.

Kwanza unijue. Mimi ni mwoga wa kusema. Maneno ninayo tele, ila yananijia mkononi, mdomoni hayafiki. Mwalimu akiniuliza jambo ninalolijua, shingo inapata joto, ulimi unaganda, na anayejibu ni jirani yangu aliyechungulia daftari langu. Hapa kota watoto waliniita Bubu, na kina mama wa foleni ya maji wakalipokea jina hilo kana kwamba ndilo nililobatizwa nalo. Nyumbani tunaongea Kiswahili, maana Baba ni Mwislamu wa Arua na Mama ni Mkatoliki wa Gulu, na Kiswahili cha polisi ndicho kilichowakutanisha. Hata Mariamu, jina langu la kweli, walilichagua kwa sababu kila mmoja aliliona ni la kwao.

Baba ni koplo. Hashiki bunduki, anaendesha trekta. Kota zetu ziko juu kilimani hapa Kampala, njia ya Kasubi, na pampu iliyokuwa ikisukuma maji mpaka huku ilikufa baada ya Wahindi wenye maduka ya vipuri kufukuzwa nchini. Basi maji tunaletewa na trekta. Inateremka mpaka kwenye bomba kubwa la Nakivubo, inajaza tangi la chuma lililofungwa juu ya tela, halafu inapanda, inapita Mengo karibu na shule yetu, inakuja mpaka hapa juu, ambako foleni ya madebe imejipanga tangu asubuhi. Trekta yenyewe ni kuukuu. Zamani ilikuwa nyekundu. Sasa rangi yake ni ya maharage yaliyopashwa moto mara tatu. Watu wanaiita Bibi.

Aliyemtunza Bibi ni Mzee Birindwa, fundi Mkongo aliyekimbia vita vya kwao upande wa Bukavu, yeye na mkewe, Mama Furaha. Alipewa kazi, akapewa chumba nyuma ya banda la trekta, lakini hakupewa sare. Hilo la sare ulishike, nitalirudia. Alikuwa mtu mzima pekee hapa kota ambaye akinisalimia hungoja nijibu. Wengine wananisalimia na kujijibia wenyewe, kisha wanapita. Yeye anasimama na spana yake mkononi, anaangalia pembeni ili nisione haya, anangoja mpaka sauti yangu itoke. Wakati mwingine inachukua muda. Hajawahi kunihimiza.

Sasa sikiliza kosa langu lilivyoanza, maana lilianza kama jambo jema.

Siku hizi mjini kila chuma kinachofunguka kwa mkono kinaibwa na kuuzwa kwa magendo. Siku moja Baba aliegesha Nakivubo, akaenda kunywa chai, na aliporudi mfuniko wa tangi la dizeli haupo. Mfuniko mwingine utaupata wapi? Akachukua kitambaa, akakisokomeza kwenye mdomo wa tangi, akaendelea na kazi. Lakini barabara ina mashimo, dizeli ikawa inaruka kupitia kitambaa, inamlowesha suruali ya sare, na Mama anaifua bila sabuni kwa sababu sabuni haionekani. Kila jioni ni kelele.

"Hii suruali ukiwasha kiberiti karibu, tutakuzika kesho!" Mama anasema.

"Basi fua na majivu," Baba anajibu. "Au nivae gauni lako la gomesi niende nalo kazini?"

Nikawahurumia wote wawili. Nikachukua ndara kuukuu ya tairi, nikaikata mviringo kwa kisu, nikaisugua kwenye jiwe, nikaizungushia utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli. Nilifanya kazi hiyo Jumapili nzima. Kizibo kikaingia kwenye mdomo wa tangi kwa kubana hasa. Kukitoa ni lazima ukizungushe huku unakivuta. Jumatatu maji ya bomba yalikuwa haba, tangi la tela halikujaa, na Baba akarudi na suruali kavu. Akamwambia Mama mbele yangu, "Huyu mtoto ana mikono." Mwanangu, Baba hana kawaida ya kusifu. Niliandika maneno yake kwenye daftari hili na kuyapigia mstari.

Na kwa kuwa alishaibiwa mara moja, Baba akajiwekea sheria yake. Kila anapoegesha Bibi anatoa kizibo changu, anakitia mfukoni, anarudisha kile kitambaa. Akiwasha kuondoka, anatoa kitambaa na kurudisha kizibo. Mimi nilifurahi. Niliona anavyokithamini.

Jumanne Bibi akaanza kukata nguvu.

Kuteremka na tela tupu hakuna tatizo. Kujaza maji, kuondoka Nakivubo, vizuri tu. Lakini akianza mlima wa Mengo na tangi limejaa, sauti inashuka taratibu kama mtu anayesinzia akisimulia, Baba anakanyaga mafuta na mguu hauleti chochote, kisha kimya. Anashuka, anafungua kizibo, anachovya kijiti, anaona dizeli ipo tele. Anafunga, anapampu kwa mkono kutoa hewa kwenye mabomba, anawasha, Bibi anawaka kama hakuna kilichotokea. Anapanda kidogo, anakufa tena. Safari ya nusu saa ikawa ya nusu siku.

Jumatano nilitoka shule nikamkuta Baba amekwama pale pale Mengo, na watu wamejaa kando ya barabara.

"Koplo, Bibi amechoka, mpe kiti akae!" kijana mmoja alipaza sauti.

"Mpe uji kwanza!" mwingine akadakia.

Nilijificha nyuma ya mama mmoja mwenye kikapu ili Baba asijue nimeona. Nikamwona anapanda, anakizungusha kizibo, na kilipotoka nikasikia sauti, sssss, ndefu, kama mtu anayevuta hewa kwa meno baada ya kuumwa na pilipili. Nikaandika jioni ile: *Kizibo changu kimetoa sauti ya nyoka. Bibi akawaka.* Niliandika hivyo, Mwanangu. Yote mawili yako kwenye mstari mmoja na sikuyaona.

Mzee Birindwa naye hakulala. Alisafisha filta ya dizeli, akafungua ya hewa akamwaga tope lake, akabadilisha bomba la mpira, akafungua nozeli moja moja, akaweka jeki kuona kama breki za tela zinashika. Akiwasha pale bandani, Bibi anaunguruma mpaka mabati yanatetemeka. Ugonjwa haupo. Akamwambia Baba, "Koplo, miye nataka nipande nayo mulima, na mzigo. Nikae pale nyuma tu, nisikie inakufa namna gani."

Baba akakataa. Sheria ya Afande mkuu wa kota ni kwamba asiye na sare hapandi chombo cha serikali. Na nakwambia kweli, haikuwa sheria tu. Baba aliona aibu fundi amwone anavyozomewa Mengo. Basi mzee wa watu akatakiwa kuponya ugonjwa wa mlimani akiwa amefungiwa bandani. Kizibo changu hajawahi hata kukiona. Kila Bibi alipofika kwake, mdomo wa tangi ulikuwa na kitambaa, na kizibo kiko mfukoni mwa Baba.

Ndiyo ikafika ile Alhamisi.

Hatukuwa na maji kwa siku ya pili. Watoto wachanga walikuwa wananuka. Afande akatoka, akaletewa kiti, akakaa mbele ya foleni. Nilikuwepo na debe langu.

"Mimi hapana taka hadithi," alisema. "Trekta ya serikali naharibika kila siku. Nani naharibu?"

Akamgeukia Baba. "Koplo! Wewe nasema nini?"

Na Baba yangu, ambaye nampenda, ambaye hunibebea mkoba nikiwa na homa, alisema hivi: "Afande, mimi kazi yangu ni usukani tu. Mambo ya pampu ni ya huyu Mkongo. Yeye ndiye anafungua, yeye ndiye anafunga."

Alisema huku anaangalia viatu vyake.

Mzee Birindwa akasogea mbele, kofia mkononi. "Afande, hii trekta ikiwa kwangu inakuwa muzima. Ugonjwa inaupata kwenye mulima. Munipe ruhusa nipande nayo, siku moja tu."

"Wewe hapana uniform, hapana panda! Wewe Mkongo nafanya sabotaji."

Sabotaji, yaani kuihujumu serikali kwa makusudi. Mwanangu, ukisikia neno hilo katika mji huu, watu wote hurudi nyuma hatua moja kutoka kwa aliyeambiwa. Na sisi tulirudi. Mimi nilirudi. Afande akasema Jumamosi saa sita mchana tangi lijazwe mpaka juu. Bibi akifika kileleni, sawa. Asipofika, gari litakuja kumchukua fundi. Hakusema gari gani. Hakuna asiyelijua. Ni lile ambalo mtu hutiwa kwenye buti mchana kweupe, na nyumbani kwake hubaki viatu tu mlangoni.

Mama Furaha alikaa chini kwenye vumbi kama aliyekatwa miguu. Hakuna mwanamke aliyemshika mkono, na walikuwa zaidi ya arobaini, wote wamewahi kutengenezewa majiko na mumewe bure. Mpaka leo nikiukumbuka ule mstari wa madebe nataka kuyapiga teke yote, pamoja na langu.

Ijumaa nilirudi kutoka shule saa tisa na nusu. Mama alikuwa amepata mkebe wa mafuta ya kupikia, sijui kwa njia gani, wala huwa hatuulizi. Akaniambia nimimine kwenye chupa. Nikatoboa mkebe kwa msumari, nikainamisha. Mafuta yakatoka kidogo, yakakoroma, yakakatika.

"Toboa la pili, wewe msomi!" Mama akasema bila kugeuka. "Yatatokaje kama hewa haina mlango?"

Jambo hilo nalifanya tangu nina miaka sita. Kila mtoto wa Kampala analijua. Lakini siku ile mkono wangu na msumari ulibaki juu. Nikaona tangi la Bibi. Nikaona kizibo changu, kilichobana vizuri, kisicho na hata tundu la sindano. Mfuniko wa zamani lazima ulikuwa na kitundu. Kitambaa kilikuwa kinapitisha hewa chenyewe. Mimi ndiye niliyemziba Bibi pumzi. Injini inanyonya dizeli, hewa haiingii kushika nafasi yake, tangi linavuta upande wake na injini inavuta wake. Bila mzigo inanyonya kidogo, inavumilia. Mlimani inataka nyingi, inakosa. Baba akifungua kutazama, sssss, hewa inaingia na Bibi anapona, halafu Baba anafunga ugonjwa upya kwa mikono yake.

Unajua nilifanya nini, Mwanangu?

Niliandika. Nilikaa kitandani nikaandika ukurasa mzima kwa mwandiko wangu mzuri, na mchoro wa tangi, na mishale. Nikasoma mara mbili. Kisha nikakunja daftari, nikalirudisha chini ya godoro, na nikajisikia kama mtu aliyemaliza kazi.

Sitajitetea. Niliogopa Baba ataonekana mwongo. Niliogopa wataniuliza mbele za watu na ulimi utaganda. Nikajiambia Mzee Birindwa ni fundi, ataligundua mwenyewe. Nikala ugali. Nikalala, na nililala vizuri, hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumamosi asubuhi nikashindwa kula. Nikachukua daftari nikaenda bandani. Mzee alikuwa anapanga spana zake kwenye gunia, moja moja, kubwa mpaka ndogo. Alinisalimia, akangoja. Sauti haikutoka. Nikamnyooshea daftari lililofunguliwa. Akavaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akasoma polepole, kidole kwenye mstari. Alipofika kwenye mchoro akafumba macho kidogo.

"Hii umeandika siku gani?"

"Jana."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi."

Akavua miwani. "Toka ile saa kumi, miye nimemuaga Mama Furaha mara mbili. Jioni na asubuhi. Yeye hajalala. Nawe ulikuwa na dawa yetu chini ya godoro."

Hakupaza sauti. Angepaza ningelia na ingekuwa nafuu. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama anayetaka kujua, "Ulikuwa unaandikia nani?"

Nikamwambia, kwa haraka, kwamba nitaiba kizibo mfukoni mwa Baba sasa hivi, nikitoboe, nikirudishe, Bibi atapanda na hakuna atakayejua.

"Hapana," akasema. "Fikiri muzuri. Trekta ikipona bila watu kuona sababu, watasema ni miye niliharibu, nikaogopa, nikatengeneza. Gari itanichukua vilevile. Na miye nikisema ni kizibo, watasema Mkongo anamusingizia mutoto. Na hiki kitabu chako usikionyeshe mutu yeyote. Ina saa za trekta, ina njia, ina majina. Watauliza nani alikutuma kuandika." Akanirudishia daftari. "Imebaki kinywa yako tu."

Saa sita walikuwa wametoka wote. Afande kwenye kiti chake chini ya mwinuko wa mwisho, na nyuma yake gari, milango wazi, vijana wawili wenye miwani myeusi wakila karanga. Mama Furaha alikuwa amevaa nguo ya kanisani. Baba akaja kutoka bondeni, alikuwa amekwama mara nyingi njiani, jasho limemlowesha kuliko dizeli ilivyokuwa ikimlowesha. Afande akamwamuru asimame, Bibi apumzike, kisha apande mwinuko huo mmoja mbele ya macho yake.

Baba akatia gia. Bibi akapanda. Akapita mti wa kwanza, wa pili, maji yanagonga ndani ya tangi. Nikasema moyoni labda atafika, labda sitahitajika kusema, na Mwanangu, nilimwomba Mungu hivyo, aniponye na kusema. Kwenye kona sauti ikaanza kusinzia. Ikashuka, ikashuka. Kimya. Baba akavuta breki.

Afande akainua mkono bila kugeuka, na vijana wawili wakatupa maganda ya karanga.

"Ni kizibo," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nikasema tena, na safari hii sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyoipangia, ikapasuka katikati. "Ni kizibo! Ni mimi nilikitengeneza!"

"Yesu, Bubu ameongea," mwanamke mmoja akasema, na mwingine akacheka.

"Nani huyu?" Afande akauliza.

Baba alijibu kutoka juu ya trekta. "Ni mtoto tu, Afande. Mariamu! Kwenda nyumbani!"

Sikwenda. Miguu yangu ilikuwa inakwenda upande wa Bibi. Nikapita mbele ya Afande, nikapanda ngazi ya trekta, mimi nisiye na sare, na Baba hakunizuia. Alikuwa anaangalia viatu vyake tena. Nikasema, "Nyamazeni msikie." Sijui nilipata wapi ujasiri wa kuwaamuru watu wazima. Nikakizungusha kizibo, nikakivuta.

Sssssss.

Kona nzima ilisikia. Hata vijana wa gari walisimama.

Nikasema yote. Si vizuri, nilirukaruka, nilirudia, nilisema habari za mkebe wa mafuta na tundu la pili, na nikaona kina mama wanatazamana, maana kila mmoja ana mkebe wa namna hiyo jikoni. Nikasema fundi hajawahi kukiona kizibo hiki kwa sababu kinakaa mfukoni. Mfukoni mwa nani sikusema. Baba mwenyewe ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo: "Mfukoni mwangu, Afande."

Mzee Birindwa akaletewa msumari. Akatoboa kizibo kwenye ngazi ya Bibi, akanipa, nikakirudisha mwenyewe. Akapampu kwa mkono, akatoa hewa kwenye mabomba, akamfanyia Baba ishara. Bibi akawaka, akaondoka pale kwenye kona, na mzigo wote, bila kusinzia, mpaka juu. Hakuna aliyepiga makofi. Walimkimbilia na madebe.

Sasa nisikie kwa makini, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Ungetazamia Afande amwambie mzee neno. Alicheka. Alishika tumbo akacheka. "Kumbe sabotaji ni mtoto! Koplo, nyumbani kwako iko adui!" Na wote wakacheka, maana Afande akicheka inabidi. Wale vijana wakarudi kwenye karanga zao. Mtu alikuwa amebakiza hatua kumi kufa, na sasa ilikuwa mzaha wa mchana, na yeye pia alitakiwa acheke. Alitabasamu kidogo. Niliuona mkono wake umeshika kofia mpaka kofia imekunjamana.

Baba alimpita. Hakusema pole, hakusema nisamehe. Alisema, "Kesho filta, Mzee," kama siku yoyote.

Jioni nilikwenda bandani kuomba msamaha. Sauti ilikuja haraka, nikashangaa. Mzee Birindwa alinisikiliza mpaka mwisho. "Asante, mwanangu," akasema. "Mara nyingine usinichelewe."

Hakuna mara nyingine. Jumapili walikuwa wameondoka, yeye na Mama Furaha na gunia la spana, na hakuna anayejua kama wameshika njia ya Kenya au wamerudi kwao kwenye vita. Simlaumu. Ningekuwa yeye nisingengoja trekta ipate ugonjwa mwingine.

Jumapili hiyo baada ya adhuhuri, kabla habari hazijamfikia, Baba alivaa kanzu. Akafungua sanduku lake, akatoa sukari aliyokuwa ameipata kantini, ambayo hata sisi hatukujua ipo. Akaenda nayo bandani. Nilimfuata kwa mbali. Mlango ulikuwa wazi, chumba kitupu, na juu ya dirisha kile kitambaa cha tangi, kimefuliwa na kukunjwa. Baba alisimama pale muda mrefu, na pakiti ya sukari mkononi. Kisha akarudi nayo nyumbani, akaiweka mezani.

Leo ni Jumatano na bado iko mezani. Mama anapika chai kavu, tunakunywa chungu, tunaitazama ile sukari. Hakuna anayeifungua. Na jana Bibi alianza kutoa moshi mweusi, na hapa kota yote hakuna anayejua kwa nini.

Basi usia wangu ni huu, Mwanangu, na uniwie radhi ukiwa mkali. Ukiona kitu kinashindwa, usikihukumu kikiwa kivulini na hakina mzigo. Kifuate pale kinaposhindwa, ukae nacho, usikilize, na mtu akiomba kufanya hivyo usimzuie kwa ajili ya sare wala kwa ajili ya aibu yako. Wakitafuta wa kulaumiwa, angalia kama wanamchagua asiye na wa kumtetea, na ukiona hivyo ujue mkosaji bado hajatafutwa. Ulichokitengeneza kwa mapenzi kikileta madhara, sema ni changu. Haiui, mimi nimejaribu. Na ukijua jambo linaloweza kumwokoa mtu, liseme saa ileile. Usiliandike kwanza. Usilipangie mwandiko. Nami nilisema, namshukuru Mungu, lakini nilisema saa sita jambo nililolijua saa kumi ya jana yake, na zile saa katikati alizibeba mtu mwingine, na mkewe. Sukari ya Baba na ukurasa wangu ni kitu kimoja.

Mungu wa baba yangu na Mungu wa mama yangu, ambaye nadhani ni mmoja, akujalie mikono kama yangu na sauti iliyo bora kuliko yangu. Akulinde na gari lile na wanaolicheka. Popote alipo Mzee Birindwa na Mama Furaha, awape mlango unaofungwa kwa ndani na usingizi wa kutosha. Na wewe akupe ulimi unaofika mapema. Amina, Mwanangu. Sasa naacha kuandika. Baba yuko barazani peke yake, na kuna jambo nataka kumwambia kwa mdomo.